Somo: Kuweka matandazo kwenye bustani ya mboga

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni jambo moja: matandazo, yaani nyasi, majani makavu au nailoni tunayofunikia udongo, hufunga hali yanayoikuta. Yakikuta udongo umelowa, unyevu unakaa siku nyingi. Yakikuta udongo mkavu, mvua ndogo itaishia kwenye nyasi na mizizi itabaki na kiu.

Hatua ya 1: Palilia. Magugu madogo hufa yakikosa mwanga, lakini ndago haifi, hutoboa hata nailoni. Chimba utoe na vinundu vyake.

Hatua ya 2: Mwagilia hadi maji yazame. Chomeka kidole chote kwenye udongo. Ncha ikitoka kavu, endelea kumwagilia. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, halafu lawama zinatupiwa nyasi.

Hatua ya 3: Chagua cha kutandaza. Napenda nyasi kavu zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Zenye mbegu ni kujipandia magugu mwenyewe. Majani makavu ya miti yanafaa, na mabua yafaa yakikatwakatwa. Mabaki ya nyanya zilizougua usiyarudishe kwenye nyanya. Na tafadhali, uliza nyasi zimetoka wapi: baadhi ya dawa za kuua magugu hubaki kwenye nyasi zilizokauka, hata kwenye samadi ya ng'ombe aliyezila, na nyanya au maharage yako yatajikunja majani.

Hatua ya 4: Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10. Pungufu ya hapo mwanga hupenya na magugu huota. Kila shina liachie nafasi tupu ya upana wa vidole vitatu. Fukua uone shina lililofunikwa kwa wiki kadhaa za unyevu: ganda limelainika, limegeuka kahawia, ukilikwaruza kwa ukucha linabanduka. Miche iliyotoka kitaluni isubiri ishike kwanza. Karoti na mbegu nyingine ndogo, tandaza katikati ya mistari tu mpaka ziote na kupata nguvu.

Hatua ya 5: Kagua kila wiki na uongeze panapopungua. Nyasi zinaoza na kuwa chakula cha udongo, kwa hiyo zikipungua usisikitike.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nilichanganya vumbi la mbao na udongo, sasa mchicha umekuwa wa njano. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hapo kwenye kuchanganya. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na vikiikosa kwenye mbao vinaichukua kwenye udongo, mchicha unabaki na njaa. Lilishanikuta kwenye kabichi, najua linavyouma. Ongeza mbolea yenye naitrojeni, na siku nyingine vumbi la mbao likae juu ya udongo, tena lililokwisha kuiva.

Mchwa wamejaa kwenye mabua niliyotandaza. Niyatoe?

Yatoe, ndugu yangu, uweke mboji iliyoiva. Mchwa hufuata mabua na vijiti vikavu.

Kati ya nailoni nyeusi na nyasi, ipi bora?

Kwa kuzuia magugu, nailoni inashinda. Pia hupasha udongo joto, jambo zuri penye baridi, ila kwenye jua kali inaweza kuunguza mche mchanga unaoigusa. Haipitishi mvua, kwa hiyo laza kwanza mipira ya kumwagilia kwa matone, kisha ifunike kwa nailoni na kufukia kingo za nailoni hiyo. Mavuno yakiisha itoe yote kabla haijachanika, maana vipande vyake haviozi. Mimi nabaki na nyasi kwa sababu zinaulisha udongo.

Nyanya zangu zinaoza kitako, doa jeusi lililodidimia. Matandazo yatasaidia?

Yanasaidia sana. Tatizo hilo hutokea tunda likikosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni ila haifiki kwa sababu maji yanakuja kwa kukatizwa: leo mafuriko, kesho ukame. Mwagilia kwa mpangilio, kisha tandaza. Zilizokwisha kuoza hazitapona, zichume, uangalie matunda yanayofuata.