Umekaa Chini, Mwenzako Kasimama: Inuka Umwangushe

Hapa Moshi tunafanyia jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kuangushana na kukabana hadi kunyongana, kwenye magodoro magumu yaliyofunikwa turubai, na zamani nikiwa nimekaa chini nilikuwa nainuka kwa kutanguliza kichwa, kama mtu anayechungulia uvunguni. Nilinyongwa mpaka nikachoka.

Kalia tako moja, la kulia. Kiganja cha kulia kiwe nyuma yako, chini. Mguu wa kushoto umekunjwa, unyayo umekanyaga. Mkono wa kushoto ndio ngao. Sasa nyanyua makalio, uzito ubebwe na kile kiganja na ule unyayo tu, kisha pitisha mguu wa kulia chini yako hadi nyuma ya mkono wa kulia. Wengi hapa hutua goti. Ukitua goti, mpinzani anakulalia. Jamaa yetu mmoja, muuza ndizi mwenye kilo zake 100, hangoji hata upumue.

Usisimame wima bure. Kabla hujanyanyuka, mkono wa kushoto udake kisigino cha kulia cha mpinzani kwa nyuma, uinuke nacho. Kichwa upande wa ndani, kibane mbavu zake, macho juu. Ukiinamisha, shingo ni yake. Mguu wake ubane katikati ya mapaja yako, bega likandamize paja lake, halafu zungusha mguu wako wa kushoto kurudi nyuma huku ukishuka. Ataketi.

Kwa sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ukimdhibiti juu kwa sekunde 3, ni pointi 2. Mimi hurudia bila mpinzani, mara 20 kila upande, kabla ya chai.