SOMO: Matukio ya njiani yasiyoua safari kwenye michezo ya kuigiza wahusika mtandaoni

Mbukwenyi wakuu. Swali la "matukio ya njiani yanachosha kundi langu, nifanyeje" nimelijibu huku na kule mpaka basi. Naliweka hapa lote. Akiuliza mtu tena, mleteni kwenye uzi huu.

Kwenye michezo hii kiongozi anasimulia dunia, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua yasiyo na uhakika. Matukio ya njiani ni yale kundi linayokutana nayo safarini. Somo ni la wanaoongoza mchezo kwa maandishi: WhatsApp, Telegram, Discord. Mkikaa meza moja, pambano na fisi watano linaisha kwa nusu saa. Kwa maandishi, mmoja yuko kazini, mwingine bando limekata, wa tatu yuko kwenye basi la Singida. Pambano lilelile linakula wiki, na likiisha hakuna kilichobadilika. Wachezaji hawatakwambia wamechoka. Wataacha tu kujibu.

Mifano naitoa kwenye njia ya misafara ya karne ya 19, Bagamoyo hadi Tabora kupitia Mpwapwa na Ugogo. Ninyi wekeni dunia yenu.

Hatua ya 1. Chora njia, igawe kwa siku za kutembea.

Hatua ya 2. Andika orodha ya matukio kwa kila eneo, siyo orodha moja ya dunia nzima. Marenga Mkali, ukishatoka Mpwapwa, ni nyika isiyo na maji, kwa hiyo kila tukio la pale liguse kiu. Ugogo kuna watemi, visima na hongo (malipo ya kuruhusiwa kupita). Mgunda Mkali, kabla ya Unyamwezi, ni pori la kupotea na kuishiwa chakula. Matukio 11 kwa eneo yanatosha, namba 2 hadi 12.

Hatua ya 3. Chagua tukio kwa dadu mbili, ujumlishe. Ya kawaida yakae katikati, ya ajabu pembeni.

Hatua ya 4. Kila siku ya safari rusha dadu moja. Ikitoka 1, kuna tukio. Rusha safari nzima jioni moja, peke yako, kabla wachezaji hawajaondoka kijijini, upate muda wa kuandaa.

Hatua ya 5. Hapa ndipo safari nyingi zinakufa, someni taratibu. Dadu ikisema "askari wa mtemi", usiandike "mmevamiwa na askari sita, kila mtu arushe dadu". Jiulize kwanza: hawa watu walikuwa wanafanya nini kabla msafara haujafika? Wanataka nini? Wachezaji wakitaka kuwaepuka, wapite wapi na iwagharimu nini? Ukishajibu hayo matatu, andika wanachokiona kwa mbali, kisha unyamaze. Mfano:

"Jua la saa nane. Chini ya mbuyu kuna ng'ombe wengi, wamesimama hawanywi. Kisima kimezungushiwa miiba mibichi. Wanaume wanne wako kivulini, mikuki imeegemea shina. Mmoja anainuka, anaangalia mizigo yenu ya vitambaa."

Hakuna dadu iliyorushwa, lakini kundi zima litaanza kuandika. Miiba mibichi ina maana kisima kimefungwa leo. Kwa nini? Misafara ya kweli ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo kwa vitambaa, shanga na waya, na majadiliano yangeweza kuchukua siku kadhaa. Kwenye mchezo, kila doti (kipande) ya merikani, kile kitambaa cha pamba, inayotolewa hapa haitakuwepo mbele. Huo ni uamuzi wenye uzito kuliko fisi watano.

Baada ya wachezaji kusema neno la kwanza, mmoja wao arushe dadu mbili kupima mapokezi: 2 hadi 5 wenyeji wamekasirika, 6 hadi 8 wanasubiri waone, 9 hadi 12 wako tayari kusaidia.

Angalizo, na haya siyo mapambo:
- Usisubiri kila mchezaji ajibu. Weka saa ya mwisho, mfano saa tatu usiku. Asiyeandika, mhusika wake anafuata wengine.
- Usizibe njia ya kukimbia. Kukimbia kugharimu siku, maji au mzigo, lakini kuwezekane.
- Usibadilishe matokeo ya dadu ya mapokezi ili upate pambano ulilokuwa unalitamani. Wachezaji wananusa, na wakishanusa hawatazungumza tena na mtu yeyote njiani. Watapiga tu.

Hatua ya 6. Waliokutana nao waandike kwenye daftari la kundi. Watarudi.

MASWALI

Zabibu Kavu: Mkuu weka orodha yote tukopi.
Jibu: Hatua ya 2. Orodha ya njia yangu haitakusaidia kwenye njia yako.

Mtoto wa Nkuhungu: Kwa hiyo tusipigane? Gemu bila vita ni hadithi ya bibi.
Jibu: Nionyeshe nilipoandika msipigane. Mapokezi ya 2 hadi 5 yamo humo humo hatua ya 5. Watu waliokasirika kwa sababu inayojulikana wanapigana vizuri kuliko fisi wasio na sababu.

binti_Kondoa: Asante kwa somo kaka. Kwa nini dadu mbili na siyo moja ya pande 12?
Jibu: Swali zuri dada. Dadu ya pande 12 inazipa namba zote nafasi sawa. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka: 7 ina njia 6, 2 ina njia moja tu. Ukiweka wafugaji kwenye 7 na simba mla watu kwenye 2, nchi inakuwa na kawaida yake, na simba akitokea watu wanashtuka kweli. Kupima mapokezi kwa dadu mbili nako ni kwa zamani, kumo tangu mchezo wa mwanzo wa aina hii, Dungeons & Dragons ya 1974.

binti_Kondoa: Na orodha ya kiangazi itumike masika?
Jibu: Hapana, na umenigusa penyewe. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu. Unakuta watu wamechimba shimo katikati wanakinga maji kwa kibuyu, na kuna foleni. Hilo tayari ni tukio. Masika korongo lilelile linashuka maji ghafla na msafara unagawanyika, nusu huku nusu kule. Andika orodha mbili. Na kwa kuwa uko Kondoa: tukio linaweza kuwa mahali. Mvua inawafukuza hadi chini ya mwamba wenye michoro kama ile ya Kolo, na majivu ya moto bado yana joto.

Mpita Njia: Nirushe dadu mara ngapi kwa siku?
Jibu: Hatua ya 4.

Mpita Njia: Nimeona. Si itakuwa nadra sana?
Jibu: Safari ya siku sita ina nafasi kama theluthi mbili ya kupata angalau tukio moja. Kwa maandishi inatosha. Ukiweka matano hamfiki Tabora mwaka huu.

Fundi Redio: Wa Telegram, tumeni ile emoji ya dadu peke yake: inajirusha na kutoa namba, mtumaji hawezi kuichagua. WhatsApp ni picha tu.
Jibu: Hii nzuri, itumieni kwa dadu ya mapokezi. Tumeni mbili, mjumlishe.

Zabibu Kavu: Nimejaribu kuandika ya kwangu, Bahi wakati wa mafuriko. Nina sita tu.
Jibu: Ziweke hapa tuzione. Tano zilizobaki tutazitafuta wote.