Jinsi ya kusikiliza Peerla ya Elio e le Storie Tese kama Kiitaliano hukijui

Kwanza kabisa usianze nayo. Najua mtu akishasikia bendi ya vichekesho anataka aende moja kwa moja kwenye makorokoro yao, ila Peerla (1998) ni mkusanyiko wa vitu adimu na vilivyobaki nje ya albamu, sasa ukiingia humo bila kuwajua hawa jamaa wa Milano utasikia fujo tu, dakika ya tano umezima.

Anza na La terra dei cachi, waliyoenda nayo Sanremo, yale mashindano ya nyimbo ya Italia, 1996 wakashika namba mbili. Hapo utajifunza pia kutoamini programu za kutafsiri. Mimi niliweka jina la wimbo ikanijibu "nchi ya kaki", nikakaa siku mbili nikijua ni mambo ya jeshi, kumbe cachi ni matunda vilevile, yale ya rangi ya chungwa yanayofanana na nyanya, na wimbo wenyewe unaichamba Italia na madudu yake yote. Halafu tafuta video ya ule usiku wa Sanremo hiyohiyo ambao kila msanii alipewa dakika moja tu, hawa badala ya kuimba kipande wakaubana wimbo ukaisha kwa sekunde 55, mbiombio kama konda anayeita abiria huku gari linaondoka. Ukicheka hapo, uko tayari.

Ukiwa na muda ongeza La canzone mononota ya 2013, mwimbaji anang'ang'ania noti moja huku chini yake vyombo vinabadilika weee, hiyo haihitaji lugha kabisa.

Sasa Peerla yenyewe. Jina tu ni mzaha, pirla kwa watu wa Milano ni bwege, perla ni lulu, yaani ni kama sisi tuchukue lulu na zuzu tupate "luzu". Ukishaelewa hilo umeelewa albamu nzima, ni hazina iliyofukuliwa na watu wasiotaka uiite hazina.

Vaa hedfoni. Raundi ya kwanza achana na mashairi, fuata besi ya Faso na drams za Christian Meyer, maana hawa si wachekeshaji waliookota magitaa, Elio mwenyewe, mwimbaji wao, kasomea filimbi kwenye chuo cha muziki cha Milano. Utani wao mwingi uko kwenye muziki wenyewe, wanaiga mtindo wa mtu vizuri kabisa halafu wanakugeuka, kwa hiyo ukijiuliza "mbona hii naijua?" ujue umeshaingia mtegoni, rudisha nyuma usikilize tena. Raundi ya pili ndo ufungue mashairi, na usihangaike na kila neno, mengine hata Muitaliano wa kusini nadhani anakuna kichwa.

Usiimeze yote siku moja pia, nyimbo tatu nne zinatosha, vichekesho vikizidi vinachosha kama pilau la siku ya tatu.

Kitu kimoja cha mwisho, saksafoni. Mpulizaji wao Feiez alifariki Desemba 1998, mwaka uleule albamu ilipotoka. Kwa hiyo saksafoni ikiingia, hata kama wimbo wenyewe ni wa kipuuzi kiasi gani, usiruke.