Tunda la okidi huvunwa kwa kalenda, si kwa unene

Mbegu nyingi za okidi huharibika kwa sababu mkulima alitazama unene wa tunda akadhani limekomaa. Wiki moja au mbili baada ya kuchavusha, sehemu iliyo nyuma ya ua huanza kuvimba, na kufikia mwezi wa pili tunda la Phalaenopsis, aina moja ya okidi, huwa limeshanona. Ukilipasua wakati huo utakuta nyuzi nyeupe tu. Ovuli za okidi, yaani vijiyai vinavyogeuka kuwa mbegu, hukamilika baada ya chavua kufika, tofauti na maharage au mahindi, na katika Phalaenopsis urutubishaji wenyewe hutokea karibu siku ya 60.

Kwa hiyo tarehe ndiyo kila kitu. Chagua ua lililofunguka siku tatu hadi saba. Kwa kijiti safi cha meno, inua kikofia kilicho kwenye ncha ya nguzo ya katikati. Vidonge vya chavua vya njano vitanata. Vibandike kwenye kishimo chenye ute upande wa chini wa nguzo hiyo. Papo hapo funga lebo kwenye kikonyo: tarehe, jina la mmea mama, kisha la baba. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu hufutwa na maji. Ua likisinyaa ndani ya siku chache, chavua imepokelewa.

Hadi kupasuka lenyewe, tunda la Phalaenopsis huchukua miezi 5 hadi 7, na kwa aina nyingine za okidi, Paphiopedilum 6 hadi 10, Cattleya 9 hadi 12. Vanda hujaribu uvumilivu: miezi 12 hadi 18. Ile Spathoglottis ya kwenye vitanda vya bustani haifiki hata miezi miwili, na mtu akichelewa wiki moja hukuta ganda tupu.

Hali ya hewa huvuta muda huu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huchelewesha tunda. Moshi mjini ni chini zaidi na joto ni kali. Phalaenopsis iliyochavushwa Machi 15 hutimiza siku 120 Julai 13. Ukiwa Moshi, unaweza kuvuna tunda lake bichi, yaani kabla halijapasuka, tarehe hizo. Ukiwa Arusha bila kibanda chenye joto, lipe wiki mbili au tatu zaidi.

Kuvuna mbichi, likiwa limefika theluthi mbili au robo tatu ya muda wake, kunawafaa wenye maabara ndogo. Ndani ya tunda lisilopasuka hakuna vijidudu, hivyo unasafisha ganda tu kwa sabuni na jiki kabla ya kupanda mbegu kwenye agari (jeli ya maabara) yenye sukari. Sukari ni lazima kwa sababu mbegu ya okidi haina akiba ya chakula; porini hulishwa na kuvu, na ni Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1922 kwamba sukari inaweza kuchukua nafasi ya kuvu hao.

Anayengoja tunda likauke alivalishe kipande cha soksi ya nailoni mapema. Mbegu ni vumbi, na ufa wa kwanza ukitokea asubuhi, upepo wa mchana unatosha kuzimwaga. Dalili ni kijani kugeuka njano na mistari ya ganda kuonekana wazi.

Tunda likigeuka njano na kudondoka ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kuchavusha, mara nyingi wazazi hawakupatana, au mmea ni dhaifu. Mmea mdogo ubebe tunda moja tu. Likioza kuanzia nchani wakati wa masika, tatizo ni maji yanayotuama kwenye ua lililokauka, kwa hiyo sogeza chungu chini ya paa na umwagilie mizizi peke yake.

Mbegu kavu ziweke kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya chupa yenye mchele uliokaangwa ukapoa. Baada ya wiki moja zihamishie kwenye kichupa kinachofunga vizuri, kwenye friji ya nyuzi 4, mbali na sehemu ya kugandisha. Kabla ya kupanda, chunguza chache kwa hadubini: yenye kivuli cha yai katikati ina kiini, nyeupe tupu ni ganda.