Kuchora ramani ya wenye shahada Nairobi kwa sensa ya 2019

Unahitaji Excel, QGIS (programu ya kuchora ramani) na takwimu za sensa ya 2019 zilizotolewa na KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Ugumu uko kwenye kugawanya na kwenye mipaka, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Chukua jedwali sahihi. Fungua Juzuu ya Nne ya ripoti ya sensa, inayohusu hali ya kijamii na kiuchumi, elimu ikiwemo, ushuke hadi Nairobi. Kuna jedwali la wanaoendelea kusoma na jingine la kiwango cha juu cha elimu ambacho mtu amemaliza. Unalolitaka ni hilo la pili. La kwanza litakuonyesha wanafunzi wanalala wapi, na hilo ni swali jingine kabisa. Nakili safu ya chuo kikuu kwa kaunti ndogo zote 11.

Hatua ya 2: Usigawanye kwa jumla iliyo kwenye jedwali hilo. Jumla yake inahesabu kila mtu kuanzia miaka 3. Chukua mfano wa kubuni: maeneo mawili, kila moja lina watu wazima 1,000, na 200 kati yao wana shahada. La kwanza lina watoto 250, la pili watoto 1,000. Ukigawanya kwa jumla, la kwanza linapata asilimia 16 na la pili asilimia 10, ilhali watu wazima wao wamesoma sawasawa. Umepima uzazi ukadhani umepima elimu.

Nenda Juzuu ya Tatu, yenye umri kwa kaunti ndogo, ujumlishe wenye miaka 25 na zaidi. Weka wenye shahada kwenye safu B na jumla hiyo kwenye safu C. Kisha:

=B2/C2*100

Wahitimu wa miaka 23 na 24 watahesabiwa kwenye B lakini si kwenye C, hivyo asilimia itapanda kidogo. Naikubali hitilafu hiyo kuliko ile ya watoto, mradi uiandike chini ya ramani.

Hatua ya 3: Mipaka. Faili nyingi za ramani zinazozunguka mtandaoni zina maeneobunge 17, na serikali ya kaunti nayo huyaita kaunti ndogo. Sensa ina 11. Embakasi ya sensa ni moja. Kwenye ramani ya uchaguzi utakuta Embakasi tano. Hesabu maumbo kabla ya kuunganisha jedwali lako na ramani. Ukishaunganisha kwa jina, tazama Lang'ata: ikibaki nyeupe, upande mmoja umeandikwa bila alama ya ritifaa (').

Hatua ya 4: Soma ramani kwa mashaka. Embakasi ilikuwa na watu 988,808 kati ya 4,397,073 wa Nairobi nzima, zaidi ya mmoja kwa kila watano, na wote hao wanapata rangi moja. Ndani yake kuna Nyayo Estate, mtaa wa tabaka la kati, na kuna Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda. Westlands vilevile: Kitisuru ya matajiri na Kangemi ya wenye kipato cha chini zimetiwa chungu kimoja. Mtu akikuambia "Westlands wamesoma", muulize Westlands ipi.

Juzuu ya Pili inashuka hadi kata ndogo, lakini haina takwimu za elimu. Usichukue asilimia ya Westlands ukaigawia Kangemi. Ukitaka kushuka zaidi, jisajili kwenye hifadhi ya data ya KNBS, uombe sampuli ya sensa, na uangalie kwanza inaishia ngazi gani ya kijiografia.

Hatua ya 5: Vuka mpaka wa kaunti. Wahitimu wengi wanaofanya kazi mjini hulala Ruaka, Syokimau, Kitengela au Rongai. Ongeza Ruiru, Juja, Kikuyu na Kiambaa kutoka Kiambu. Kajiado Kaskazini na Isinya. Na Athi River ya Machakos. Juja ina chuo cha JKUAT, ndiyo maana nilisisitiza miaka 25: wanafunzi wengi wanabaki nje ya hesabu.

Kwa rangi, madaraja manne yanatosha. Weka mipaka ya madaraja kwa mkono, kwani QGIS ikijichagulia yenyewe, tofauti ya nusu asilimia inaweza kuonekana kama bonde.