Bukumaki za mkono za kuwapa wageni wa harusi, vile tulizitengeneza sisi Kampala

Kama harusi yenu ni Desemba na saa hii ndo mnaanza mikutano, hii kazi ianzeni mapema, msiiache ya wiki ya mwisho maana wiki ya mwisho kila mtu anatafutwa na simu na hakuna mkono ulio huru. Mimi nimeshafanya za harusi ya binamu yangu, kijana wa kwetu Arua aliyeoa Masaka, tukatoa bukumaki 220 kwa mkono, yaani zile alama za kuweka ndani ya kitabu ujue umefikia wapi, na nataka niwaeleze vizuri kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo nilipata ya watu wa mbali wenye vifaa ambavyo hapa huvioni dukani.

Kwanza kwa nini bukumaki. Wageni wetu wengi wana kitabu nyumbani hata kama si wasomaji wa riwaya, kuna Biblia, kuna msahafu, kuna kitabu cha nyimbo cha kanisani, kuna vitabu vya watoto wa shule, na watu wanaweka alama kwa risiti ya duka au kwa jani. Sasa ukimpa mtu kitu kizuri cha kuweka pale, chenye jina la hao watoto wenu waliooana, atakigusa kila Jumapili. Peremende zinaliwa kabla ya keki kukatwa.

Lakini hapo hapo ndo kuna jambo ambalo naomba ulishike kabla hujanunua chochote: fikiria kitabu, usifikirie meza ya harusi. Karatasi ya Biblia ni nyembamba sana, ukiweka kitu kinene katikati uti wa kitabu unaachia, ukiweka kitu chenye pini ya stepula kinachana, ukiweka kitambaa kinachotoa rangi siku mtu ametoka na mvua basi ukurasa wote wa Zaburi umekuwa wa bluu. Kwa hiyo bukumaki nzuri iwe bapa, iwe kavu, iwe laini pembeni, na mapambo yote yenye unene yaning'inie nje ya kitabu. Kila kitu nitakachosema chini kinatoka hapo.

Vipimo. Watu wanapenda sm 5 kwa 15. Mimi nakushauri ukate sm 5 kwa 14.5, na sababu ni karatasi ya A4 yenyewe, ambayo ni sm 21 kwa 29.7. Ukiweka nne kwa upana unatumia sm 20, ukiweka mbili kwa urefu unatumia sm 29, unapata bukumaki nane kwa karatasi moja na kinachobaki ni ukanda mdogo tu. Ukishikilia sm 15 kamili, mbili kwa urefu zinakuwa sm 30 na karatasi haifiki, unaanza kuzungusha zungusha na bado hufiki nane. Nusu sentimita hiyo hakuna mgeni atakayeiona. Sisi kwa 220 tulihitaji karatasi 28 tukanunua 32 kwa ajili ya kuharibika, na zile nne za ziada zilitusaidia kweli. Pia idadi usiifanye sawa na kadi ulizotoa, unajua harusi zetu, kadi moja inakuja na watu watatu, lakini familia moja inatosheka na moja au mbili, so piga hesabu ya nyumba afu ongeza kidogo.

Karatasi iwe manila ngumu, gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba. Kama unachapa maneno kwenye duka la Nasser Road au Nkrumah Road uliza kwanza mashine yao inabeba gramu ngapi, kuna zingine zinakwama kwenye 300. Na jambo lingine ambalo fundi mmoja alinionyesha kwa mkono: karatasi ina nyuzi, zina upande zinakoelekea. Ichukue manila uikunje polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu alafu kwa upana, utasikia upande mmoja unakubali na mwingine unakataa. Ukikubali kirahisi ina maana nyuzi zinaenda sambamba na huo mkunjo. Urefu wa bukumaki ufuate nyuzi, itakaa imenyooka hata baada ya gundi. A4 nyingi nyuzi zake zinafuata urefu wa karatasi, na ule mpangilio wa nane unakuwa sawa wenyewe.

Kukata usitumie mkasi kama unaweza kuepuka. Rula ya chuma na wembe mpya au kisu cha karatasi, chini uweke ubao au kadibodi nzito, pitisha mara mbili kwa mkono mwepesi kuliko mara moja kwa nguvu. Wembe ukianza kuvuta manyoya badilisha.

Sasa cha kubandika juu. Nilikuwa na vitu vitatu kichwani.

Cha kwanza kitenge. Nendeni kwa fundi cherehani aliyeshona nguo za wasimamizi na ile nguo ya kubadilisha ya bibi harusi, vipande vinavyobaki pale chini ya mashine ndo hazina yenu, kwa sababu mgeni atapata kipande cha nguo aliyoiona ikicheza mbele yake. Kifueni kwanza, kikauke, mkisugue na kitambaa cheupe chenye unyevu, kama cheupe kimebaki cheupe endeleeni, kama kimechafuka fueni tena. Alafu nyuma yake mwambie fundi akuwekee ile stafu ya kola inayoshika kwa pasi, kitenge kitakuwa kigumu kama karatasi na pembeni hakitafumuka. Maua yale makubwa makubwa ya kitenge kwenye sm 5 hayaonekani vizuri, tafuta sehemu yenye mchoro mdogo.

Cha pili maganda makavu ya mgomba, yale Waganda wanaita byayi. Haya yako bure kwa yeyote mwenye shamba la matoke, na mimi ndo nayapenda kuliko vyote. Chukua yale yaliyojikaukia yenyewe kwenye shina, usikate mabichi ukaanike, mabichi yananuka na yanaota ukungu. Rangi zake zinatofautiana, kuna ya maziwa, kuna ya chai, kuna kahawia nzito karibu nyeusi, zikusanye tofauti tofauti. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, fungua ganda kwa kisu butu utoe ule upande wa nje uliong'aa, weka kitambaa juu piga pasi isiyo na mvuke mpaka litulie. Watu wanapenda kukata picha ya mama mwenye mtungi au ngoma, ni nzuri sana ila kwa bukumaki 220 utachoka na 30. Sisi tulikata kanda tatu za rangi tatu, ya maziwa katikati, tukazipanga wima, basi. Mtu akiishika anasikia ile mistari ya mgomba chini ya kidole.

Cha tatu ndo nilichotamani na ndo kilinifundisha. Nilinunua olubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kizuri mno, rangi ya udongo, kinakatika vizuri na kila kipande hakifanani na kingine. Ni kazi ya miaka na miaka, mafundi wanavua gome wakati wa mvua, wanafunga mti kwa majani ya mgomba ili upone, alafu wanalipiga gome kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa laini na pana, na UNESCO waliitangaza hiyo sanaa mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima, ikaingia kwenye orodha yao 2008. Nikakata kumi za mfano nikazipeleka kwenye mkutano kwa furaha. Senga wa bibi harusi, yaani shangazi yake, akashika moja, akaigeuza, akainamisha macho, akaniita pembeni.

"Mwanangu, umeifanya vizuri," akasema. "Lakini sisi kwenye hii tunafungia wafu wetu. Wazee wakikuta kwenye viti vya harusi watauliza nani amekufa."

Nikamwomba radhi. Akaniambia tena kwa upole kwamba hata Kabaka, mfalme wa Buganda, anavalishwa olubugo anapotawazwa, so si kitu kibaya, ni kitu kizito, na kitu kizito unauliza kabla. Vijana wengi wa Kampala hawaoni shida kabisa, nguo na mikoba ya olubugo inauzwa kila duka la sanaa, lakini harusi ni ya wazee kwanza. Kwa hiyo kama unaoa au unaolewa Buganda na unataka olubugo, peleka kipande kimoja kwa senga na kwa jjajja (bibi au babu) kabla ya kununua, wakikubali endelea kwa amani. Sisi tukaenda na byayi na kitenge, nusu kwa nusu.

Gundi. Hapa ndo tuliharibu kadhaa za kwanza. Gundi nyeupe ya maji tuliimwaga nyingi, alafu kwa haraka tukazianika juani, zote zikajikunja kama majani ya chai. Gundi ya maji inalowesha manila upande mmoja, upande huo unatanuka, jua linaukausha haraka na unavuta kila kitu. Dawa yake: weka gundi kidogo sana, isambaze na kipande cha kadi mpaka uone inang'aa tu bila kuonekana nyeupe, bandika, pitisha kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje kutoa hewa. Alafu zipange kwenye ubao, kila safu weka kavera (mfuko wa plastiki) juu ili zisishikane, funika na ubao mwingine, juu yake weka jerikeni ya lita 20 imejaa maji. Acha mpaka asubuhi, kivulini. Tangu tuanze jerikeni hakuna hata moja iliyojikunja tena. Zikikauka, pembe nne zizungushe kidogo kwa mkasi au mkata kucha, pembe kali ndo zinaanza kubanduka.

Na mkizimaliza msizifungie kwenye kavera mkaweka chini ya kitanda, hasa byayi, mvua za Septemba mpaka Novemba zina unyevu na zitaota ukungu. Boksi la karatasi, juu ya kabati.

Maneno yanakaa upande wa nyuma na yachapwe kabla ya kubandika chochote, mashine ya poda ni bora kuliko ya wino kwa sababu wino ukiguswa na gundi unatembea. Andika machache. Majina mawili, tarehe, na asante. Sisi tuliandika Asante, Mwebale, Awadifo, mstari kwa mstari, kwa sababu pale kulikuwa na watu wa Kiswahili, wa Kiganda na wa Kilugbara na nilitaka kila mzee akute lugha yake. Mimi naona hiyo mistari mitatu ilipendwa kuliko hata mapambo. Ila mpe mwenye lugha asome kabla ya kuchapa. Duka moja lilitutolea karatasi nzima jina la bibi harusi limepungua N moja, jina lake linaanza na N mbili kama majina mengi ya Kiganda, na sisi wa Arua tulikuwa tumelipitisha bila kuona, ni mdogo wake ndo aliona. Tulikuwa tumechapa moja tu ya kujaribu, afadhali.

Kishada cha juu sasa. Toboa tundu kwa panchi sm 1 kutoka ukingo wa juu, ukilikaribisha sana linachanika. Pitisha uzi wa pamba au rafia uliokunjwa mara mbili, ncha upitishe kwenye kitanzi chake uvute. Kwenye uzi weka shanga moja ya karatasi, zile wanazotengeneza kina mama wa mtaa wa Acholi Quarters kule Banda, Kampala, unaweza kununua kwao moja kwa moja na ni pesa inayofika kwenye mikono iliyofanya kazi. Kama unataka kutengeneza mwenyewe, kata kalenda ya zamani iwe pembetatu ndefu, chini sm 1.5, urefu kama sm 28, anza kuviringisha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, gundi iwekwe kwenye ncha ya mwisho tu, alafu chovya kwenye vanishi na uache ikauke kabisa siku mbili. Vanishi isipokauka itanata kwenye kitabu. Uzi uache mrefu sm 6 hivi ili shanga ikae nje ya kurasa, hapo uti wa Biblia unasalimika.

Kazi yenyewe tuliifanya baada ya mikutano ya Alhamisi. Wazee wakiondoka, sisi binamu na marafiki wa bibi harusi tunabaki, mmoja anakata, wawili wanabandika, mmoja anafunga nyuzi, na jioni nne zikatosha. Watu wa pande mbili ambao walikuwa wanasalimiana tu kwa heshima wakaanza kuitana kwa majina ya utani pale pale kwenye gundi.

Kugawa nako kufikirie. Kwenye viti nje ya hema upepo unazichukua. Kwenye meza mchuzi unazipata. Pamoja na keki ndo vibaya zaidi, mafuta ya aisingi hayatoki kwenye byayi. Sisi tulizitia ndani ya programu ya kanisani, kwenye ukurasa wa wimbo wa kwanza, shanga inaning'inia nje, kwa hiyo mgeni akifungua programu anafungukia hapo hapo pa kuimba. Zilizobaki kama 15 tukampa senga kwenye bahasha awapelekee wale wagonjwa na wazee ambao hawakuweza kusafiri.