Pima kito kwa mizani na kikombe cha maji, kama ilivyopimwa sayari ya almasi

Jiwe jekundu kutoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, likifika Kampala huwa limeshapewa jina njiani: rubi. Jeupe likiwa safi huitwa almasi, na la kijani zumaridi. Majina hayo yanatolewa kwa macho, na macho hudanganyika upesi, kwa sababu rangi ya kito mara nyingi ni chembe kidogo tu za kromiamu au chuma ndani ya kitu ambacho chenyewe hakina rangi. Kigumu kughushi ni densiti, yaani gramu zilizomo katika kila sentimita moja ya ujazo. Mwaka 2012 wanasayansi walipoeleza kwamba kuna sayari ambayo huenda theluthi ya uzito wake ni almasi, hakuna aliyekuwa ameiona almasi hiyo. Walianza na namba mbili, uzito na ukubwa, wakagawanya. Hesabu hiyohiyo unaifanya mezani kwako kwa robo saa.

Vifaa

Mizani ndogo ya kidijitali ya mfukoni, inayosoma hadi gramu 0.01 na kubeba angalau gramu 200. Angalia vizuri kabla ya kulipa: nyingi zinazobeba gramu 500 husoma gramu 0.1 tu, na hizo hazitakusaidia kitu. Kikombe chepesi cha plastiki. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu kuchemsha hutoa hewa iliyomo. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, kama sentimita 30. Uzi wa kushonea hunywa maji na kuharibu hesabu. Vitabu vya kutosha kupanga marundo mawili, na kalamu moja ya kulaza juu yake. Sindano ya duka la dawa ya mililita 10, bila ncha ya chuma.

Sindano ni ya kukagua mizani. Weka kikombe kitupu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina mililita 10 za maji. Isomeke karibu na gramu 10. Ikisoma 9.3 au 10.8 hata baada ya kurudia, badilisha betri kwanza, maana betri ikichoka mizani hizi hupotoka kabla ya kuonyesha alama yoyote. Kisha pima gololi ya kioo kwa hatua zilizo hapa chini. Ikitoa karibu na 2.5, uko tayari kupima jiwe la mtu.

Hatua

Osha jiwe kwa mswaki na sabuni, ondoa udongo wote kwenye nyufa, likaushe. Lipime kavu, andika. Tuseme ni gramu 6.42.

Weka kikombe chenye maji kama mililita 100 na tone la sabuni juu ya mizani. Panga vitabu kila upande wa mizani bila kuigusa, laza kalamu juu yake ivuke katikati ya kikombe. Funga jiwe kwa uzi, bonyeza kitufe cha sifuri, halafu lining'inize kutoka kwenye kalamu mpaka lizame lote. Lisiguse chini wala ukutani mwa kikombe. Usilishike kwa mkono. Mkono hutikisika na namba haitulii.

Namba inayotokea sasa si uzito wa jiwe. Jiwe limebebwa na uzi. Mizani inaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja, umepata ujazo wa jiwe moja kwa moja. Tuseme inasoma 1.60. Gawanya: 6.42 kwa 1.60 ni 4.01. Toa jiwe, likaushe, rudia mara tatu. Matokeo yakitofautiana kwa zaidi ya 0.1, kuna kosa mahali.

Soma namba ndani ya nusu dakika. Mizani nyingi za bei nafuu hujizima zenyewe zikikaa bila kuguswa, na zikizimika sifuri yako imepotea, unaanza upya. Zima feni, funga dirisha. Upepo kidogo tu unachezesha tarakimu ya mwisho, na tarakimu hiyo ndiyo unayoihitaji.

Namba za kulinganisha

Kioo cha kawaida: 2.4 hadi 2.6
Kwatzi, pamoja na ile ya zambarau na ya moshi: 2.65
Zumaridi na ndugu yake akwamarini: karibu 2.7
Turmalini: 3.0 hadi 3.2
Moisanaiti: 3.22
Tanzanaiti: 3.35
Almasi: 3.52
Topazi: 3.53
Spineli: 3.60
Korundi, yaani rubi na yakuti samawi: 4.00
Ganeti: 3.6 hadi 4.3
Zirkoni: hadi 4.7
Zirkonia ya kiwandani, almasi bandia ya kawaida: 5.6 hadi 6.0

Jiwe jeupe kutoka mtoni likikupa 2.65, mazungumzo ya almasi yaishie hapo. Hiyo ni kwatzi, na tofauti ya 2.65 na 3.52 ni kubwa mno kusingizia mizani. Likitoa 5.8 na limekatwa vizuri, limetoka kiwandani.

Mahali pa kukosea

Viputo vya hewa ndivyo vinavyoharibu vipimo kuliko kitu kingine chochote. Kiputo kikining'inia kwenye ufa husukuma maji bila kuongeza uzito wa jiwe, hivyo ujazo unaonekana mkubwa na densiti inashuka. Rubi halisi yenye nyufa inaweza kujitokeza kama 3.7 na kukukosesha mali. Loweka jiwe ghafi dakika 10 au zaidi, litikise ndani ya maji, tazama kwa lenzi kabla ya kusoma.

Jiwe likigusa chini, kikombe kinabeba uzito wake na namba inapanda ghafla. Ukiona densiti ya 1.3, hujagundua kito kipya, uzi umelegea.

Udogo wa jiwe ni tatizo lisilo na ujanja. Karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya karati moja ina ujazo wa 0.057, kwa hiyo mizani yako itasoma 0.05 au 0.06, na jibu litaruka kati ya 4.0 na 3.3. Humo ndani wamo almasi, topazi, spineli na tanzanaiti wote. Kwa mizani ya 0.01 usipime jiwe lililo chini ya gramu 2. Kwa madogo, omba sonara mwenye mizani ya 0.001.

Jiwe lililoshikwa ndani ya pete halipimiki, maana unapima na dhahabu. Lililochanganyika na mwamba wake nalo litatoa wastani wa vyote viwili. Feruzi na opali usizitumbukize. Zinanyonya maji au kuharibika.

Namba moja, majina mawili

Tazama tena orodha: almasi 3.52, topazi 3.53. Mizani ya mfukoni haitazitenganisha kamwe. Rubi ya 4.00 inakaa katikati kabisa ya nafasi ya ganeti, na kwa jiwe jekundu la Karamoja huo ndio mtego wenyewe: lile jiwe letu la 4.01 huenda ni rubi, huenda ni ganeti ambayo bei yake haikaribii. Densiti huondoa majina kwenye orodha. Kuchagua moja kati ya yaliyobaki ni kazi ya kipimo cha pili.

Kipimo cha pili kilicho rahisi ni mwanga. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu, vaa miwani ya jua ya polaroidi, zungusha simu mpaka kioo chake kiwe cheusi. Isipofika kuwa nyeusi, simu hiyo haifai kwa kazi hii, jaribu nyingine. Weka jiwe linalopitisha mwanga juu ya kioo na ulizungushe taratibu. Rubi, topazi na kwatzi huwaka na kuzima mara nne katika mzunguko mmoja. Ganeti, spineli, almasi na kioo kwa kawaida hubaki giza. Jaribu pande tatu za jiwe kabla ya kusema neno, kwa sababu hata rubi ina upande mmoja ambao hauwaki.

Tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, inasaidia pia: rubi nyingi hung'aa nyekundu gizani, ganeti haing'ai. Lakini rubi yenye chuma kingi hukaa kimya, na spineli nyekundu nayo inaweza kung'aa. Kwa lenzi ya mara 10, viputo vya mviringo ndani ya jiwe ni dalili ya kioo, na mistari iliyopinda kama mifereji ya sahani ya santuri ni dalili ya rubi ya kiwandani.

Hiyo ya kiwandani ndiyo mpaka wa njia hii. Ina densiti ya 4.00 na huwaka kama rubi ya ardhini, kwa kuwa ni korundi kamili. Rubi iliyochomwa au kujazwa kioo kwenye nyufa nayo si ya kuamuliwa nyumbani. Hapo unahitaji maabara ya vito. Na kama unanunua mawe ghafi ili uuze, fahamu kwamba Sheria ya Madini ya Uganda ya 2022 inataka leseni. Ofisi za Kurugenzi ya Utafiti wa Jiolojia na Madini ziko Entebbe.

Hesabu ileile, angani

Sayari yenyewe inaitwa 55 Cancri e. Iligunduliwa 2004 kwa jinsi inavyoiyumbisha nyota yake, na myumbo huo ndio unaotoa uzito: karibu mara 8 ya Dunia. Mwaka 2011 ilionekana ikipita mbele ya nyota na kupunguza mwanga wake kidogo. Kivuli hicho kikatoa ukubwa, nusu kipenyo karibu mara 1.9 ya Dunia. Mwaka wake mzima ni saa 18 hivi.

Chukua kalamu. Ujazo ni 1.9 × 1.9 × 1.9, yaani 6.86. Gawanya 8 kwa 6.86 upate 1.17. Zidisha kwa densiti ya Dunia, 5.5, upate kama 6.4.

Usikimbilie orodha ya hapo juu, maana ndani ya sayari mgandamizo hubana kila kitu. Dunia yenyewe ina 5.5 ingawa miamba tunayokanyaga haifiki 3. Sayari nzito mara 8 iliyotengenezwa kwa chuma na mwamba kama yetu ingetarajiwa kuwa nzito kuliko 6.4, kwa hiyo kuna kitu chepesi humo. Wengine walidhani ni maji. Mwanaastronomia Nikku Madhusudhan na wenzake, 2012, wakasema kaboni inatosha kueleza namba hiyo, na kaboni kwa joto na mgandamizo ule ni almasi.

Huo ndio mtego wetu wa topazi, ila mkubwa. Namba moja, majina mawili. Kipimo cha pili kilikuwa nyota yenyewe, kwa kuwa sayari huzaliwa kwenye vumbi lilelile. Makadirio ya awali yaliipa nyota kaboni nyingi kuliko oksijeni; vipimo vipya vya 2013 vikaonyesha chembe za kaboni kama 78 kwa kila 100 za oksijeni, na dai la almasi likapoa. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ilitoa dalili za hewa ya kaboni monoksidi au dioksidi juu ya bahari ya mwamba ulioyeyuka.

Kuna nyingine, PSR J1719-1438 b, iliyotangazwa 2011, ambayo densiti yake haipungui 23, kuliko hata dhahabu yenye 19.3. Inadhaniwa kuwa kiini cha nyota iliyokufa, kaboni na oksijeni zilizobanwa mpaka huenda ni fuwele. Magazeti yaliiita almasi. Sonara yeyote angeuliza almasi gani hiyo yenye 23.

Ukitaka kuiona nyota ya 55 Cancri, nenda mwezi wa Machi mbali na taa za mji, nje kabisa ya Moroto au Kotido huko Karamoja ni pazuri, usiku usio na mwezi, kati ya saa tatu na saa nne. Elekea kaskazini, inua macho theluthi mbili ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kushoto utaona nyota ya Pollux iking'aa, kulia kichwa cha kundinyota la Simba. Nyota yako iko kama nusu ya njia kati yao, hafifu, kwenye ukingo wa kile jicho linachoweza kuona. Tumia darubini ya macho mawili. Tafuta kwanza Iota Cancri, iliyo angavu zaidi, kisha sogea kulia kidogo, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Sayari yenyewe hutaiona. Mwanga wa nyota unaokufikia uliondoka kule miaka 41 iliyopita.